Traina nzuri, programu inayokatika: miezi 16 ya kukanyaga ndani ya nyumba Kisumu

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Hiyo ndiyo saa ambayo mazoezi yangu yalikuwa yakikatika, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa karibu miezi mitatu. Niko katikati ya zoezi, jasho limefika kwenye soksi, mara namba ya wati kwenye skrini, yaani kipimo cha nguvu ninazokanyagia, inakuwa sufuri. Yule mwendesha baiskeli wa katuni anayeniwakilisha anapunguza mwendo, anasimama, anaweka mguu chini. Mimi bado nakanyaga kwa nguvu zilezile. Wenzangu wa mbali, wanaokanyaga makwao kupitia mtandao, wananipita mmoja mmoja. Dakika moja na nusu hivi ikipita, namba inarudi kana kwamba hakuna lililotokea, na kwenye rekodi kunabaki shimo.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote wa huku kwetu anayefikiria kununua traina, yaani mashine ya kufungia baiskeli ili uikanyage ndani ya nyumba, na kulipia programu ya mazoezi ya baiskeli. Programu yenyewe sitaitaja kwa jina, wala traina, kwa sababu nimezungumza na waendeshaji wanaotumia nyingine na matatizo yao ni yaleyale.

Traina niliinunua Januari 2024, mtumba, kwa shilingi 52,000, kutoka kwa mwendeshaji wa Nairobi aliyekuwa anahama. Ni ile aina ambayo unatoa gurudumu la nyuma na kufunga baiskeli moja kwa moja kwenye mashine, mnyororo unakaa kwenye gia za mashine yenyewe. Ilikuja kwa basi la usiku imefungwa kwenye blanketi, nzito kama gunia dogo la mahindi. Programu nailipia karibu shilingi 2,000 kila mwezi. Kwa mshahara wa mwalimu hizo ni pesa za kufikiria mara mbili, na nilifikiria mara nyingi zaidi ya mbili.

Sababu ya kununua ilikuwa goti. Mimi ni mtoto wa Busia, kulekule ambako neno bodaboda lilizaliwa kwa watu wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria mpakani, na nilijifunza kuendesha kwa baiskeli ya Black Mamba ya babangu, mguu mmoja ukipita chini ya mtaimbo kwa sababu sikuufikia upande wa pili. Barabara siiogopi. Lakini mwaka 2023, kabla hapajapambazuka, matatu ilinisukuma nje ya lami karibu na Mamboleo nikapata nyuzi saba kwenye goti la kushoto. Shule inanitaka saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo muda wangu wa mazoezi ni gizani tu. Jumamosi bado napanda mlima wa Riat na kikundi chetu. Siku nyingine nakanyaga ndani, kwenye chumba kidogo kilicho ukuta mmoja na jikoni, feni ikinipulizia usoni, maana joto la Kisumu halikupi ruhusa ya kufanya hivyo bila feni hata saa kumi na moja alfajiri.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza. Mawasiliano ya mashine hizi ni minyororo miwili, si mmoja. Wa kwanza ni mfupi: kutoka kwenye traina hadi kwenye laptopu, mita moja na nusu, kwa mawimbi ya redio. Wa pili ni mrefu: kutoka kwenye laptopu hadi kwenye ruta, kisha mtandao, kisha seva zilizo nchi nyingine. Ukikatika ule mfupi, wati zako zinakuwa sufuri na unasimama. Ukikatika ule mrefu, wati zinaendelea vizuri kabisa, ila waendeshaji wengine wanatoweka na unabaki peke yako barabarani.

Ule mrefu niliuona vizuri Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika kati ya Afrika Mashariki na Afrika Kusini na Kenya nzima ikalia. Tulikuwa kwenye safari ya pamoja, watu zaidi ya hamsini. Wakaanza kurukaruka, kisha wakapotea wote. Wati zangu hazikutikisika hata kidogo. Nilimaliza dakika zangu arobaini nikiwa pekee yangu, na zoezi likahifadhiwa lote bila shimo.

Sasa hapa ndipo lalamiko langu kubwa lilipo. Programu ina ujumbe mmoja tu kwa matatizo yote mawili: muunganisho umepotea. Haisemi muunganisho upi. Niliwaandikia huduma kwa wateja mara nne. Mara ya kwanza walijibu baada ya siku tatu wakaniambia nihakikishe intaneti yangu ina kasi ya kutosha. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu niliambatanisha picha ya skrini inayoonyesha wati sufuri huku wenzangu wote wakionekana wanapita, ambayo kwa mtu anayeijua kazi yake ni ushahidi tosha kwamba intaneti haina kosa. Jibu: tafadhali zima ruta yako na uiwashe tena. Nikamwita fundi wa intaneti. Kijana mwungwana, alipima kila kitu, akaniambia, "Madam, mtandao uko sawa. Hapa nikikudai pesa nitakuwa nakuibia." Hakuchukua hata nauli ya boda. Kampuni inayonitoza kila mwezi ilinifanya nimsumbue mtu asiye na hatia.

Basi nikachukua daftari la wanafunzi, lile la kurasa 48, nikaanza kuandika kila mkatiko: siku, saa, umedumu sekunde ngapi, nilikuwa nafanya nini. Kama una tatizo hili, anza na daftari. Liliniambia zaidi ya barua zote nne.

Kitu cha kwanza lilichonionyesha ni kwamba kulikuwa na mikatiko ya aina mbili. Kuna mifupi ya sekunde tatu nne, ikija ovyo, na kuna ule mmoja mrefu wa saa kumi na moja na ishirini.

Mifupi niliitatua haraka. Traina yangu ilikuwa inazungumza kwa ANT+, mfumo wa redio uliotokana na kampuni ya Dynastream ya Kanada ambayo ilinunuliwa na Garmin mwaka 2006. Laptopu inaupokea kwa kidude kidogo cha USB. Mimi nilikuwa nimekichomeka kwenye tundu la USB 3.0, lile la buluu, na pembeni yake diski ya nje ya kuhifadhia mitihani. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha karatasi ya kitaalamu ikieleza kwamba USB 3.0 inatoa kelele za redio kwenye eneo la gigahezi 2.4, eneo lilelile linalotumiwa na ANT+, Bluetooth na Wi-Fi nyingi. Tena laptopu ilikuwa mbele yangu na traina nyuma, mwili wangu katikati, na mwili wa binadamu ni maji mengi, na maji hunyonya mawimbi hayo. Nilienda mtaa wa Oginga Odinga nikanunua waya wa kurefusha USB wa mita mbili kwa shilingi 300. Kidude nikakishusha hadi chini, karibu kabisa na mguu wa traina, nikakibana kwa utepe. Mikatiko mifupi ikaisha siku hiyohiyo.

Ule mrefu ukabaki.

Nilihisi mambo mengi. Nilidhani ni jirani anayewasha kitu. Nilidhani ni traina inapata moto. Nilibadilisha betri ya mkanda wa mapigo ya moyo, ile ya duara kama sarafu, CR2032, ingawa haikuwa na uhusiano. Daftari likasema: Jumamosi na Jumapili, hakuna. Kisha wiki moja ya Julai, Jumatatu hadi Alhamisi, hakuna kabisa. Nikafurahi nikidhani wamerekebisha programu. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini na moja, sufuri.

Wiki hiyo baba watoto alikuwa Siaya kwenye matanga. Alirudi Alhamisi usiku.

Sikuunganisha mambo hayo mawili papo hapo. Kilichoniunganishia ni sauti. Wati ziliporudi asubuhi hiyo nilisikia, upande wa pili wa ukuta, ule mlio wa maikrowevu kumaliza kazi. Ting. Na namba ikarudi kwenye ting hiyohiyo, 164, kama taa iliyowashwa.

Nilishuka na viatu vyangu vya pedali vikigonga sakafu, nikamkuta jikoni na bakuli la uji wa wimbi mkononi.

"Mwalimu, kuna nini tena?"

"Nakuomba urudishe uji huo ndani. Ngoja niite kwanza."

Nikapanda baiskeli, nikakanyaga mpaka namba zikatulia. Nikapaza sauti, "Washa!" Sekunde mbili, sufuri. "Zima!" Namba ikarudi. Tulirudia mara tatu, yeye akicheka, mimi karibu nilie, na watoto wakaamka wakidhani kuna wezi. Uji ulikuwa umechemka hadi kumwagikia kwenye sahani ya ndani.

Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu megahezi 2450, na ya kwetu ni kuukuu, mlango wake haubani vizuri kama zamani. ANT+ ya vifaa vya baiskeli hukaa kwenye megahezi 2457, na haihami. Ukitaka picha ya jambo hili, fikiria soko la Kibuye siku ya Jumapili. ANT+ ni mama aliye na kibanda chake mahali pamoja miaka yote. Akija mtu akaweka spika kubwa mbele ya kibanda, wateja hawamsikii tena, na yeye hana pa kwenda. Bluetooth ya vifaa vidogo ni mchuuzi wa kutembeza: ana chaneli 40, na 37 kati yake ni za kubebea data, na akikuta kelele hapa anahamia pale. Wi-Fi nayo ina maeneo yake. Chaneli ya 11 ina kitovu kwenye megahezi 2462, na kwa upana wake inafunika kibanda cha ANT+ chote. Ghorofa letu lina nyumba 16, karibu kila moja na ruta. Nilipopima kwa simu nilikuta ruta saba zimejazana kwenye chaneli ya 11, yetu ikiwemo. Yetu niliipeleka chaneli ya 1. Mama wa nyumba ya juu aliniruhusu nimbadilishie yake pia, na akanipa chai.

Uji siku hizi unapashwa kwenye meko ya gesi, kwa sufuria. Baba watoto anaamka dakika tano mapema. Hilo ni penzi, na nalisema hapa hadharani.

Labda mtu atauliza kwa nini nihangaike hivi kwa sababu ya namba kwenye skrini. Nijibu kwa kilichotokea Septemba, baada ya kununua laptopu nyingine na kuhamia Bluetooth nikidhani nimemaliza matatizo.

Programu hizi zina hali inayoitwa ERG. Ukiichagua, si wewe unayeamua uzito. Programu inaiamuru traina: sasa wati 230 kwa dakika mbili, sasa 100 kwa dakika tatu za kupumzika. Ukikanyaga polepole, mashine inaongeza uzito ili wati zibaki palepale. Siku hiyo nilikuwa kwenye dakika mbili za 230, za tano kati ya sita. Zilipoisha skrini iliandika pumzika. Mguu haukupata pumziko. Amri ya 100 haikufika. Muunganisho ulikuwa umekatika sekunde chache kabla, na traina ikabaki imeshika mzigo wa mwisho iliopewa. Nikadhani ni uchovu. Nikapunguza kasi ya kukanyaga, na mashine, kwa utiifu wake, ikaongeza uzito. Kutoka mizunguko 85 kwa dakika nikashuka 60, 45, kama mtu anayekanyaga ndani ya tope la mpunga wa Ahero. Hapo goti la kushoto likanichoma palepale penye kovu. Nilitoa mguu kwenye pedali na kukaa chini sakafuni.

Sikufanya mazoezi siku tisa.

Hilo silisamehi. Kukatika kwa redio najua ni jambo la kawaida. Mawimbi ni mawimbi. Ila mashine inayobeba goti la mtu, ikikosa kusikia amri kwa sekunde tano, ingepaswa kujilegeza yenyewe. Na programu ilikuwa inajua imepoteza traina, kwa sababu sekunde hizohizo iliniandikia sufuri. Ingeandika kwa herufi kubwa: traina haisikii, acha kukanyaga. Badala yake iliandika pumzika. Hiyo ilikuwa barua yangu ya nne. Walinirudishia pesa za mwezi mmoja na kunitakia mazoezi mema.

Sababu ya mkatiko huo, kwa wanaotaka kujua, ilikuwa laptopu yenyewe. Kwenye laptopu nyingi Wi-Fi na Bluetooth vinakaa kwenye kadi moja na mara nyingi vinagawana antena, na vyote vikiwa kwenye gigahezi 2.4 vinabidi kupokezana zamu. Watoto walikuwa wameacha masomo ya video yakijipakua kwenye laptopu hiyo. Nilinunua waya wa mtandao wa mita 15 kwa shilingi 900, nikaupitisha juu ya mlango hadi kwenye ruta, nikazima Wi-Fi ya laptopu kabisa. Kama huwezi kupitisha waya, na ruta yako ina gigahezi 5, tumia hiyo. Kuanzia hapo Bluetooth imetulia. Kuna siku moja tu traina ilikataa kuonekana, nikagundua simu yangu, yenye programu hiyohiyo, ilikuwa imeshaishika tangu usiku; traina yangu hukubali kifaa kimoja tu kwa Bluetooth. Sasa nafunga programu kwenye simu kabla ya kulala.

Kuhusu stima sina la kulalamikia programu. Ikipotea, breki ya traina inakufa na zoezi limeisha. Nimenunua betri ndogo ya ruta kwa shilingi 3,200, ambayo inasaidia stima ikiruka kwa sekunde chache tu na kurudi, na hiyo kwetu ni mara nyingi kuliko giza la saa nzima.

Haya, hukumu yangu. Traina: nyota nne kati ya tano. Imara, kimya kiasi kwamba jirani wa chini hajawahi kulalamika, na wati zake nazilinganisha na za pedali za rafiki yangu wa kikundi, tofauti ni ndogo. Nyota ya tano nabaki nayo hadi watengenezaji waifundishe kulegeza mzigo isiposikia amri.

Programu: mbili na nusu. Barabara zake ni nzuri, mazoezi yake yamepangwa na mtu anayeijua baiskeli, na nimepata nguvu. Riat niliyokuwa naipanda nikisimama mara mbili, sasa naipanda bila kuweka mguu chini. Lakini ujumbe mmoja kwa magonjwa mawili ni uzembe, na kumpa kila mteja jibu la intaneti bila kusoma alichoandika ni kutomheshimu. Kwa mtu wa Kisumu jibu hilo lina uzito zaidi, kwa sababu wao wanaliamini upesi, kana kwamba kutoka huku intaneti lazima iwe mbovu. Intaneti yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa uji.

Kama unanunua, weka kando shilingi elfu moja na mia mbili za nyaya mbili kabla hujalipa mwezi wa kwanza. Jaribu traina kwenye chumba kisichopakana na jikoni. Omba mwezi wa majaribio, na ndani ya mwezi huo washa kila kitu cha nyumba kimoja kimoja huku unakanyaga, uone kipi kinakunyamazisha. Na ERG uiache mpaka upite wiki mbili bila shimo hata moja.

Alhamisi iliyopita nilifanya saa nzima. Mstari wa wati ulitoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na saa kumi na moja na ishirini nilisikia sufuria ikiwekwa kwenye meko. Malipo yangu yanaisha tarehe 30. Wananihimiza nilipe mwaka mzima kwa punguzo. Nitalipa mwezi mmoja.